Saa Iliyohesabu Miguu Yangu

Saa yenyewe sina ugomvi nayo. Ilikuwa nzuri, ya mkanda wa zambarau, na wateja wangu wote saluni waliisifu. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakishasikia yaliyonipata huniuliza kama niliitupa au niliichoma moto, kana kwamba ilikuwa na jini. Haikuwa na jini. Ilikuwa inafanya kazi yake, ila kazi yake haikuwa ile tuliyodhani sisi. Kama na wewe unavaa kitu cha namna hiyo mkononi, halafu mwili unakwambia jambo moja na kioo chake kinakwambia jingine, nivumilie mpaka mwisho wa maneno yangu. Mimi ni msusi, nina saluni Mikumi karibu na stendi, na mambo ya ndani ya moyo wataeleza waliosomea. Mimi nitaeleza ilivyokuwa kwa nje, kwa mtu aliyekuwa ameubeba.

Aliyenipa saa ni binti yangu Rehema, anayefanya kazi Dar es Salaam. Alikuja Idd, akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Mama, mwili unakushinda." Mtoto niliyembeba mgongoni huyo ananiambia mwili unanishinda. Kesho yake akanivika saa, akaiunganisha na simu yangu, halafu akaiunganisha na yake, ili tarakimu nitakayoiona mimi Mikumi na yeye aione kule aliko. Chini ya saa kulikuwa na taa ndogo ya kijani inayowaka na kuzima ikiwa imebana ngozi.

"Hiyo taa inaangalia damu, mama," akanieleza.

"Inaangalia damu ya nini?"

"Inahesabu mapigo ya moyo. Usiivue, hata ukilala."

Sikuipenda ile kauli, taa inaangalia damu. Lakini nilimpenda aliyeniletea, basi nikaivaa.

Hapo ndipo nilipojiunga na jogingi. Kikundi chetu kinakimbia Jumamosi na Jumapili baada ya sala ya alfajiri, kando ya barabara kuu, kuelekea upande wa hifadhi, na tunageuza kabla ya mpaka maana tembo hawana habari na jogingi. Kiongozi ni Mwalimu Joel wa sekondari, mwembamba, mrefu, mapafu kama ya mbuzi. Tunakimbia mchakamchaka kama ule wa shuleni: yeye anaanzisha, sisi tunaitikia, na miguu inatua yote pamoja. Ukikosea hatua unamkanyaga wa mbele yako. Masika ilikuwa imeanza, ukungu unashuka toka milimani unajaa barabarani, mtu wa mbele humwoni ila fulana yake. Malori yanapita na taa zimewashwa. Katikati ya ukungu huo unachosikia ni ule mguu mmoja mkubwa wa watu thelathini.

Wenye saa tulikuwa watatu: mimi, Mwalimu Joel, na Pendo anayeuza mitumba jirani na saluni yangu. Siku moja tukiwa bado tunakimbia, Mwalimu alitazama mkono wake akasema kwa sauti, "Mia na sitini na nne."

Pendo akatazama wake. "Na mimi mia na sitini na nne."

Nikatazama wangu. Mia na sitini na nne.

Tulicheka. Tukasema ni bahati. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na Mwalimu alipoharakisha wimbo tukapanda wote watatu, mia na sitini na nane, mia na sabini na mbili, kama watu waliofungwa kamba moja. Alipopunguza tukashuka pamoja. Pendo alisema mwili umemsisimka. Mwalimu akasema huo ndio umoja wenyewe, tumekimbia pamoja mpaka mioyo imeelewana, na haukupita muda fulana mpya zikachapishwa mgongoni: MOYO MMOJA. Watu wa stendi wakawa wanatuita hivyo, haya Moyo Mmoja hao wanapita.

Mimi niliogopa, na sikumwambia mtu. Ningemwambia nini? Mwalimu Joel yuko mbele anaimba, mimi niko nyuma kabisa, miguu mizito kana kwamba nimevaa viatu vya udongo, kifua kitupu. Nasema kitupu kwa sababu sina neno jingine. Wakati mwenzangu anasema moyo unamgonga mpaka kwenye masikio, mimi nilikuwa nasikiliza ndani sisikii mtu. Halafu natazama mkono, na mkono unasema tuko sawa. Nikawa najiuliza, kama hiyo mia na sitini na nne siyo yangu, ni ya nani? Nani anakimbia na mimi?

Mwili nao ukaanza vituko vyake. Viatu vya kazini vikanibana jioni, soksi zinaacha alama ya mfereji kwenye kifundo. Nilikuwa nikisimama kumsuka mteja rasta, na saluni ilikuwa inaondoka. Siyo kwamba naanguka. Sauti za watu zilikuwa zinarudi nyuma, redio inarudi nyuma, kichwa cha mteja kiko mikononi mwangu lakini kiko mbali, halafu vyote vinarudi kwa mpigo. Mteja anauliza, "Mama Rehema, mbona umeacha?" Nami kumbe nimeshika nywele tu, sisuki. Nikawa nasuka nimekaa kwenye stuli. Watu wakasema nimezeeka ghafla, na wengine wakasema nimepata jini la uvivu, wakacheka, nikacheka nao.

Mchana nilipojinyoosha kitandani ndipo palipokuwa pabaya. Ukilaza sikio kwenye mto unausikia moyo wako, kila mtu anajua. Wangu ulikuwa unagonga mara moja, halafu unakaa. Nasubiri. Nasubiri mpaka nafikiri labda sitausikia tena, halafu unagonga, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ambayo hana hakika kama ina watu. Nilianza kulala chali ili nisisikie.

Mume wangu, Baba Rehema, anaendesha lori la miwa Kidodi, na msimu ukianza nyumbani anaonekana kwa kubahatisha. Si mtu wa maneno. Siku moja ya mapumziko tulikuwa tumekaa uani, ameegemea bega langu anasinzia kama kawaida yake, akanyanyuka ghafla akanitazama.

"Mama Rehema, ulikuwa umenyamaza."

"Wewe si ulikuwa umelala, ulitaka nikuimbie?"

"Sisemi kunyamaza kwa mdomo," akasema.

Aliondoka kwenda kuangalia lori, na mimi nikabaki pale pale na jua lote lile nasikia baridi.

Ungeuliza, kwa nini sikwenda hospitali. Kwa sababu kila asubuhi nilikuwa napigiwa simu na kuambiwa kwamba mimi ni mzima. Rehema alikuwa anafungua simu yake kabla hajanywa chai. "Mama, umelala vizuri sana jana." Mimi najua sikulala. "Mama, moyo wako ukiwa umepumzika unapiga arobaini na mbili. Unajua wanaopiga hivyo ni akina nani? Wanariadha." Na jioni: "Ukikimbia unafika mia na sitini. Safi kabisa, ndiyo inavyotakiwa." Alifurahi mno. Aliwaonyesha wenzake kazini. Mtoto yuko mbali, anakuona kila saa, anakusifia, utamwambia nini? Nilimwambia mara moja tu kwamba najisikia kuchoka. Akajibu, "Utazoea, mama, mwili unabadilika." Kweli ulikuwa unabadilika.

Masika ilipoisha nikaenda Kilosa kwa mama yangu, kumsaidia mahindi. Gari lilipita Kisanga, barabara imekatika katika na mvua, nimelaza kichwa kwenye dirisha njia nzima. Kutoka stendi mpaka kwa mama ni mwendo mfupi, utotoni nilikuwa naukimbia nikitumwa chumvi. Siku hiyo nilipumzika kwenye kila kivuli. Nilipofika nikampa shikamoo nikiwa nimeshika nguzo ya kibaraza.

"Marahaba. Mbona umekuja na midomo ya majivu?"

"Nimechoka tu, mama."

Akaiona saa. Nikamweleza inachofanya, nikamwonyesha tarakimu ya kutembea, mia na kumi na nane, na kwa kujisifu kidogo nikamwambia nikikimbia inafika mia na sitini na nne.

Sasa nielewe vizuri hapa. Mama yangu ana presha ya miaka mingi. Nyumbani kwetu, tarakimu ya mia na kitu haina maana nyingine. Wote tumekua tukimsubiri arudi kliniki na kuuliza, "Leo ngapi?" na akisema mia na sitini tunajua siku hiyo hapiki wala hagombezwi. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba moyo una hesabu yake na presha ina hesabu yake. Kwetu ni kitu kimoja, kinaitwa presha, kinapanda au kinashuka.

"Mia na sitini na nne," mama akarudia, akakaa chini. "Mwanangu, mimi nikifika hapo wananilaza. Na wewe unakimbia nayo barabarani."

Niliamini. Kila kitu kilikaa mahali pake: kuchoka, miguu kuvimba, saluni kuondoka. Nilijisikia hata nafuu, maana presha ni ugonjwa wa nyumbani, naujua, si kile kitu kingine nilichokuwa nakiogopa ambacho hakina jina. Mama akaenda chumbani akarudi na vidonge vyake. Akanipa kama alivyokuwa akinipa dawa ya minyoo nilipokuwa mdogo, ananisimamia mpaka nimemeza. Siku chache tulikunywa pamoja, kila mtu chake, na chai ya rangi.

Asubuhi ya mwisho tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, mimi na yeye, miguu tumenyoosha kwenye jamvi. Mikono inazungusha, punje zinamwagika kwenye ungo. Nilitazama saa, ilisema tisini na sita. Nakumbuka nilimwambia mama, "Umeona, imeshuka, dawa inafanya kazi." Halafu kuku waliokuwa wanagombea punje wakaacha kupiga kelele. Niliwaona midomo inafunguka na sauti haitoki. Mama naye alikuwa anasema kitu. Uani pakawa peupe, peupe sana, kama shuka iliyoanikwa, na mimi nikawa nasubiri ile hodi. Nilisubiri. Haikubishwa.

Yanayofuata mengine niliyasikia mwenyewe kwa mbali, kama mtu aliye chini ya maji, na mengine nilisimuliwa. Majirani walinibeba kwenye bajaji hadi hospitalini pale Kilosa. Wakanivua bangili, hereni na ile saa, mama akavifunga kwenye kanga yake, kanga akaitia kwenye kikapu pamoja na simu yangu, akakishika mapajani. Baba Rehema alifika kutoka Kidodi akiwa bado na vumbi la miwa kwenye nyusi. Wakanibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi, na daktari, kijana mpole, akawaita pembeni.

"Moyo wake uko chini mno, na mara nyingine unasimama. Hapa tutamsaidia kidogo, lakini anahitaji kwenda Morogoro leo, na huko watampeleka Dar. Anahitaji betri ya moyo. Gari la wagonjwa lipo."

Baba Rehema akampigia Rehema, akaweka sauti ya wazi ili mama yangu naye asikie. Hapo ndipo uhai wangu ulipowekwa mezani, na wanaoujadili ni watu wanaonipenda kuliko wote duniani.

"Baba, ngoja kwanza," Rehema akasema. "Subiri nifungue. Mimi namwona hapa. Moyo wake sabini na nne. Sabini na nne, baba, huo ni moyo wa mtu mzima kabisa."

"Daktari anasema unasimama."

"Mashine zao huenda mbovu. Mimi naona sasa hivi, sekunde hii. Sabini na tano. Msimpakie kwenye gari mumrushe rushe njia yote ya Dumila kwa kitu ambacho hakipo. Mwacheni apumzike, mimi nakuja kesho."

Baba Rehema alisimama na simu mkononi. Binti yake ndiye msomi wa nyumba, na yeye ni dereva wa lori, na daktari alikuwa kijana. Alimtazama mama yangu. Mama alikuwa ameingiza mkono chini ya shuka yangu, kiganja chote kifuani, amefumba macho.

"Mimi huku sisikii sabini na nne," mama akasema. "Mwambie mjukuu wangu nimeweka mkono hapa, na hapa hakuna mtu."

"Bibi, shikamoo," Rehema akasema kwenye simu. "Naomba uniamini. Naona kabisa. Sabini na sita. Anapumua vizuri."

Ndipo Baba Rehema akatazama mkono wangu uliokuwa juu ya shuka, mtupu.

"Saa yake iko wapi?" akauliza.

Mama akafumbua macho. Akakishusha kikapu, akaitoa kanga, akafungua fundo polepole. Saa ilikuwa imelala kifudifudi kwenye kitambaa, katikati ya hereni, na ile taa ya kijani inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, inaikagua kanga. Kwenye kioo paliandikwa sabini na sita.

"Sabini na saba," Rehema akasema kutoka Dar es Salaam. "Mnaona? Inapanda. Anaamka."

Baba Rehema ameniambia kwamba katika maisha yake ameendesha usiku porini, amekutana na simba katikati ya barabara, lakini hajawahi kuogopa kama alivyoogopa kutazama kanga ya mkwewe ikiwa na moyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelala umbali wa mkono mmoja kutoka hapo, na wangu ulikuwa unasubiriwa.

"Mama yako hajaivaa," hatimaye akasema. "Iko kwenye kikapu."

Mama yangu alimgeukia daktari akasema, "Baba, tupeleke," na nikapelekwa.

Morogoro walinichoma dawa, na walipouliza ninatumia dawa gani mama akatoa vidonge vyake. Daktari alivitazama akavuta pumzi. Aina ile, alisema kwa upole, inapunguza kasi ya moyo, inamfaa mama mwenye presha, lakini kwa moyo uliokuwa tayari umechoka kujipigia ni kama kuuwekea jiwe juu. Mama aliinama. Nilitamani kumwambia si kosa lako, nikashika upindo wa gauni lake.

Dar es Salaam nakumbuka mabenchi. Watu wa moyo hawapigi kelele, wanakaa wameegemea, kila mmoja amejishika mahali. Kila mlango ukifunguka vichwa vyote vinageuka. Nilikaa jirani na bibi mmoja kutoka Kidete, tulijuana kwa lafudhi, naye kila nilipotaka kuzama ananigusa goti ananiuliza kitu cha kawaida, mahindi mwaka huu vipi, mto umekula mashamba ya nani. Alinigawia uji wake kwenye kifuniko cha chupa. Sijui aliishia wapi, jina lake lilipoitwa mimi nilikuwa nimesinzia.

Wakaniwekea betri nikiwa macho, kitambaa kimefunika uso, nasikia kuvutwa vutwa chini ya mfupa wa mtulinga. Halafu ikawashwa. Sijui nielezeje. Lori likikwama matopeni, watu wamesukuma mpaka wamechoka, kisha likakubali ghafla, ndivyo ilivyokuwa. Vidole vyangu vilipata joto. Nikasikia harufu ya sabuni chumbani, na nilikuwa sijasikia harufu ya kitu tangu masika. Nililia chini ya kitambaa, muuguzi akanifuta bila kuuliza.

Kabla sijatoka nilimuuliza daktari habari ya saa. Alinieleza kwa maneno machache. Ile taa inatafuta mtikisiko. Ukiwa umetulia, mtikisiko ni wa damu, inahesabu damu. Ukikimbia, mkono unatikiswa na kila hatua kwa nguvu kuliko moyo, basi inaweza kushika hatua na kuziita moyo. Wanaokimbia kila mmoja kwa hatua yake hawatagundua. "Lakini nyinyi mnakanyaga pamoja," akasema, akatabasamu, "basi mkasomeka sawa." Na ikikosa ngozi, inaweza kujitungia tarakimu kwenye kitambaa chochote. Niliporudi kitandani nikaziwaza zile fulana thelathini. MOYO MMOJA. Ilikuwa miguu.

Kipupwe kizima nilikaa nyumbani Mikumi, mkono wa kushoto hauruhusiwi kupita bega. Msusi asiyeinua mkono ni mtu wa kukaa mlangoni anaelekeza. Pendo alifunga meza yake ya mitumba mara nyingi kuja kunioshea nywele, na siku aliponisuka mimi niliyewasuka wote, nilisinzia na kichwa mapajani mwake. Chini ya mtulinga kuna kitu chenye ukubwa wa kiberiti, ngozi imevutika juu yake. Mwanzoni nilikuwa siwezi kukigusa. Usiku unalala na mgeni ambaye hasinzii. Kanyaga, simama, kasirika, yeye yuko pale pale, na akiona moyo unasita anausukuma. Wakati mwingine najiuliza kama ni mimi ninayeendelea au ni yeye ananiendeleza. Nawaambia mnaosubiri kuwekewa: hilo swali litakuja, na halitakuua.

Mwalimu Joel nilimwambia mwenyewe maneno ya daktari. Ile fulana alikuwa ameivaa. Sasa kikundi kikifika pale pa kugeuzia kinasimama, wimbo unakatwa, na kila mtu anaweka vidole viwili shingoni mwake. Nilienda kuwaona siku moja, nimekaa nyuma ya bodaboda. Watu thelathini ndani ya ukungu, wamesimama kimya, wamejishika shingo, hakuna anayemtazama mwenzake. Kisha wakaanza kutaja hesabu zao, mmoja mmoja, na hakuna aliyefanana na mwingine. Mama mmoja muuza maandazi alirudia mara kadhaa, akakunja uso, na wiki hiyo hiyo akaenda kupima.

Lakini aliyeumia kuliko mimi ni Rehema. Wodini alikuja, akasimama dirishani, akaondoka. Niliporudi Mikumi simu za asubuhi zilikoma. Alikuwa anamtumia baba yake ujumbe, mama anaendeleaje, naye anajibu, hajambo. Nilikasirika, sifichi. Nilikuwa nimeshazoea kuambiwa nimelalaje, sasa hakuna wa kuniambia wala wa kuniuliza. Mama yangu alisema mwache, mtoto amejiona anamzika mama yake kwa mdomo wake mwenyewe, hawezi kurudi haraka.

Alikuja mvua za vuli zilipoanza, bila taarifa, na begi dogo. Alinikuta nyuma ya nyumba nachambua mchicha. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akachukua kigoda akakaa, akaanza kuchambua na yeye, anatupa majani mazuri anabakiza mabua. Nilimwacha.

"Unajisikiaje?" akaniuliza.

Nikatambua kwamba tangu Idd hajawahi kuniuliza. Alikuwa ananijulisha. Jibu la sijambo lilikuwa tayari mdomoni nikalimeza.

"Naogopa kulala," nikamwambia. "Mwili umepona, lakini naogopa."

Akaacha mchicha. "Nilisema wasikupeleke."

"Najua. Nilikuwa nasikia."

Hilo hakulijua. Uso wake ulikunjamana kama wa mtoto mchanga. "Nilikuwa nakuona, mama. Wallahi nilikuwa nakuona."

"Njoo hapa," nikasema, nikampa mkono wangu wa kushoto.

Aliuchukua kwa mikono yake yote miwili. Vidole aliviweka mahali pabaya, juu ya mfupa, nikavisogeza taratibu mpaka penyewe. Nikaona macho yake yanapanuka alipoupata. Akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Alipokaribia ishirini kilio kikamzidi, hesabu ikampotea. Akafuta pua kwa bega bila kuniachia mkono, akaanza tena, moja. Nilimwacha ahesabu.